Kiazi cha Mwalimu

Wiki iliyopita wifi yangu wa Kasansa alinitumia kiroba cha matobolwa kwa basi. Nilikifungulia jikoni, na ile harufu ikanirukia usoni kabla hata sijaona kilichomo: harufu ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama gome. Kuna moshi ndani yake, kuna vumbi la kiangazi, na kuna utamu wa mbali ambao asiyeuzoea hausikii kabisa. Niliingiza kichwa kizima kwenye kiroba. Wanangu waliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, na mimi nikaanza kucheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuondoka pale jikoni. Nilikuwa darasa la sita, vidole vinanuka viazi, moyo unanienda mbio, nikisubiri kujua kama mwalimu niliyempenda kuliko wote nimemharibia maisha au la.

Nilikuwa nakaa Makanyagio na Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walibaki Kasansa, kule Mpimbwe, na ng'ombe na mpunga. Mimi nililetwa Mpanda mjini kusoma, tukapangiwa vyumba viwili, na Bibi akaletwa anitunze, ingawa kuna siku nilihisi mimi ndiye niliyeletwa nimtunze yeye. Alizaliwa Usukumani, akahamia Mpimbwe akifuata ng'ombe wa mumewe, na mjini alifika uzeeni akiwa na jembe, chungu kikubwa cheusi na imani kwamba watu wa mjini hawajui kula. Kiangazi kilipoanza, bati la mwenye nyumba lilijaa vipande vya viazi. Mwenye nyumba alilalamika mara moja tu. Bibi alimpelekea sahani iliyopikwa na karanga, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akitufukuzia kunguru. Shuleni mambo hayakwenda hivyo. Watoto waliliona bati letu wakipita, na muhula haujaisha jina langu likawa Matobolwa.

Bibi alikuwa na sheria yake ya chakula, na mimi nilidhani ni sheria ya nchi nzima. Chakula kibichi, alisema, wanapewa wa aina tatu: mbuzi, mtu anayekwenda kupanda, na mtu mliyegombana naye, ili ajue kwamba kwako hajawashiwa moto. Mtu unayemheshimu unampa kilichoiva. Hata tulipoletewa mahindi mabichi na jirani, Bibi alikaa siku nzima akijiuliza amemkosea nini yule mama.

Mwalimu Anitha alikuja wakati wa viazi. Alikuwa mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni, wale tuliokuwa tukiwaita walimu wa fildi, mwembamba, ana viatu vilivyoshonwa kwa kamba upande mmoja, na sauti yake ilibidi tunyamaze ndipo tuisikie. Tukanyamaza. Alikuwa na tabia ya kuuliza "kwa nini" halafu akasubiri jibu kweli, mikono nyuma, kana kwamba na yeye halijui. Siku ya tatu alinikuta nimejificha nyuma ya darasa natafuna matobolwa, akaomba kipande. Akala mbele ya wote. Akaomba kingine. Basi, mimi nikawa wake. Angeniambia nibebe ubao hadi Kashaulili ningeubeba.

Alitufundisha kuhusu seli. Alichora duara ubaoni, akachora jingine ndani yake, akasema mwili wa kila kilicho hai umejengwa kwa vitu hivi, vidogo mno, na kila kimoja kimefunikwa kwa utando mwembamba.

"Utando huu unachagua," alisema. "Maji yanapita. Sukari inazuiwa, haipiti ovyo. Mbona hatujui unachaguaje? Tutajua. Kwanza tuone."

Sikuweza kusubiri hiyo tutajua. Usiku ule ule nilijipangia mwenyewe jinsi mambo yanavyokwenda: ndani ya kila seli amekaa mlinzi, mzee fulani mwenye koti na tochi, anayeuliza kila anayepita anakwenda wapi. Maji anayafahamu, anayaacha yapite. Sukari anaishika mkono. Niliamini jambo hilo kwa moyo wote, nikawa nakunywa maji taratibu ili wazee wangu wasikanyagane mlangoni.

Halafu siku moja Mwalimu Anitha akatuambia kwamba Alhamisi mkufunzi wake atakuja kutoka chuoni kumwangalia akifundisha. "Na mimi nina mtihani," alisema, akitabasamu kidogo. "Naombeni mnisaidie, msiniangushe."

Nyie mliosoma shule zetu mnajua mtihani maana yake nini. Ukifeli unachapwa. Sikuwahi kusikia mtihani wa namna nyingine. Nilimtazama Mwalimu Anitha, mikono yake myembamba, nikaona wazi kabisa mkufunzi akimlaza juu ya meza ya mbele, sisi tukiangalia. Nilimuuliza Rehema, monita wetu, kama kweli walimu nao wanachapwa. Rehema alikuwa binti wa mwenye duka Kashaulili, na kwa sababu dukani kwao kulikuwa na redio yeye ndiye aliyekuwa akijua kila kitu.

"Akifeli anarudishwa chuo, anaanza upya," alisema. Alifikiri kidogo. "Kuchapwa ni lazima."

Kazi ikagawanywa. Rehema alete sukari. Mimi, ambaye kwetu hakukauki viazi, nilete vitatu vikubwa, kimoja kwa kila kundi. Mwalimu hakusema vibichi. Nani angesema? Nilikimbia nyumbani nikamwambia Bibi kwamba mwalimu ameomba viazi vitatu, vikubwa, vya somo, na nisipovipeleka atachapwa. Bibi alichagua yeye mwenyewe, akavigeuza geuza, akavigonga kwa kidole. Mimi nikaenda bombani. Niliporudi vilikuwa vimefungwa kwenye kitenge chakavu, fundo limekazwa.

"Mayu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, kwa Kisukuma, kama vile mimi ni mama yake, "hicho kikubwa ni cha mwalimu. Hivyo viwili ni vya michezo yenu."

Sikuelewa, na sikuuliza.

Jumatano jioni, baada ya masomo, Mwalimu Anitha alituonyesha la kufanya. Unakata kiazi chini kiweze kusimama, unamenya nusu ya chini, unachimba shimo juu kama kikombe. Kikombe unakitia sukari kavu, kiazi unakisimamisha kwenye sahani yenye maji, unaacha mpaka asubuhi. Maji yatapita kwenye kiazi, seli kwa seli, yapande hadi kwenye kikombe, na sukari haitatoka. Kupita huko kwa maji kuifuata sukari kuna jina lake, alisema, osmosisi, na tulilirudia wote mpaka likapoteza maana.

Nilichimba vile viwili vya kwanza kwa shida, kisu kinagoma, utomvu mweupe unanata vidoleni. Nikashika kile kikubwa. Kisu kikazama chote.

Kiazi kilikuwa kimechemshwa. Kimechemshwa kwa ustadi, kwa moto wa kiasi, bila kupasuka ganda, vile Bibi alivyokuwa akichemsha vya kuanika. Nikaelewa yote kwa mara moja: Bibi hakuweza kumpelekea mwalimu kitu kibichi. Angejisikia amemtukana. Nikatazama pembeni. Rehema alikuwa akipima sukari, mate yanamtoka. Kama ningesema, darasa zima lingecheka, na safari hii wasingenicheka mimi peke yangu, wangemcheka Bibi. Nikajiambia kiazi ni kiazi. Nikachimba kikombe polepole kisibomoke, na kwa sababu sikutaka kuliponza kundi jingine, nikakiweka kwenye sahani ya kundi letu. Mwalimu alivifungia vyote vitatu ofisini.

Asubuhi ya Alhamisi zamu ya kufagia ofisi ilikuwa yangu. Lazima niliseme hilo, kwa maana liliniponza. Nilifagia, nikazipitia zile sahani nimeinamisha macho, nikatoka. Mkufunzi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na darasani alipewa kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani, lakini hakucheka wala hakulalamika. Nikaukagua mkoba wake kwa macho nikitafuta fimbo imewekwa wapi.

Mwalimu Anitha alianza vizuri. Alizileta sahani, akaziweka mbele, akaita kundi la kwanza lije litazame.

"Yamejaa!" wakapiga kelele.

Kundi la pili wakasukumana. "Na huku yamejaa! Mwalimu, yanamwagika!"

Kweli, vile vikombe viwili vilikuwa vimefurika maji mazito yanayong'aa, na hakuna mtu aliyeyatia. Hata mimi, niliyekuwa nikijua jambo nililolifanya, nilisisimka mwili mzima. Maji yamepanda yenyewe! Yamepita kwenye nyama ya kiazi kigumu, gizani, tukiwa tumelala! Nikasahau hofu kwa muda wa pumzi moja hivi.

Halafu kundi letu likaitwa. Rehema, aliyekuwa kundi letu, akafika wa kwanza, akachungulia kwenye kikombe. Kilikuwa kitupu. Hakukuwa na maji. Wala sukari haikuwepo.

"Mwalimu, sukari yangu imelambwa!" alipaza sauti. Akageuka, akaninyooshea kidole. "Nani kafagia ofisi leo? Si huyu? Matobolwa kalamba sukari!"

Darasa likalipuka. Mtu akasema ninuswe mdomo. Mtu mwingine akasema nitoe ulimi. Nilimtazama Mwalimu Anitha, na yeye alikuwa akikitazama kile kikombe kitupu. Nyuma ya darasa, mkufunzi alikuwa ameanza kuandika.

"Sikulamba," nilinong'ona.

"Umegusa?" aliniuliza Mwalimu, polepole. "Niambie ukweli tu, sitakuchapa."

Nilitikisa kichwa. Machozi yalikuwa tayari yamejaa, na nikainamisha uso wasinione nikilia. Hapo ndipo nilipowaona. Kwenye ukingo wa sahani yetu ya bati, mahali maji yalipoishia, walikuwepo sisimizi wadogo weusi, wamejipanga, vichwa chini, wanakunywa. Nikatazama sahani ya kwanza. Hakuna hata mmoja. Nikatazama ya pili. Hakuna. Sisimizi wote wa ofisi ile walikuwa wamechagua sahani yetu, na hawakujali kikombe, walikuwa wanakunywa maji.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilichovya kidole kwenye maji ya sahani nikakitia mdomoni.

"Matamu," nilisema. Halafu nikapiga kelele kabisa. "Mwalimu! Maji ni matamu! Sukari haikulambwa, imetoka! Imepita ukutani, iko huku nje!"

"Muongo," alisema Rehema, lakini kidole chake kilikuwa kimekwisha kuchovya. Alilamba. Alichovya tena, akalamba tena, maana sukari ni sukari. Kisha akaenda kwenye sahani ya kwanza, akalamba ile. Akakunja uso. "Haya hayana kitu," alisema. "Mwalimu, haya hayana kitu! Ya kwake ndiyo yana sukari yangu!"

Mwalimu Anitha alikuja akaonja. Akaonja sahani zote tatu. Akainama, akakibonyeza kile kiazi kwa kidole, na kidole kikaingia. Akaniangalia.

Ningeweza kunyamaza. Kati ya mtoto mwongo na mtoto mkweli, tofauti wakati ule ilikuwa ni sentensi moja tu, na sentensi yenyewe ingemvua Bibi nguo mbele ya darasa la watoto sitini na mgeni kutoka chuo. Lakini mwalimu alikuwa ananisubiri, mikono nyuma, kama siku zote.

"Kimechemshwa," nilisema. "Bibi alikichemsha. Alisema kibichi siyo heshima, mwalimu apelekewe kilichoiva. Nilijua jana nikachimba tu. Naomba usifeli, Mwalimu. Mkufunzi, naomba usimchape."

Hakuna aliyecheka. Mpaka leo najiuliza kwa nini. Nadhani walikuwa wanautazama uso wa Mwalimu Anitha, na uso wa Mwalimu Anitha ulikuwa unawaka.

"Umesema kimechemshwa!" Alinishika mabega. "Jamani, hebu sikilizeni! Sikilizeni nyie! Vile viwili ni vibichi. Seli zake zilikuwa hai, utando wake mzima. Maji yamepita, sukari imezuiwa. Hiki kimechemshwa. Moto umefanya nini kwenye seli?"

"Umeziua," nilisema.

"Umeziua. Utando umeharibika. Kwa hiyo sukari?"

"Imetoka!" darasa zima.

"Na kikombe?"

"Kitupu!"

Mimi nilikuwa nawaza wale wazee wangu wenye makoti na tochi. Bibi yangu, kwa heshima na adabu, alikuwa amewamaliza wote kwenye chungu kimoja, na sukari ikajiondokea bila kuulizwa. Nilisikitika na nikafurahi kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyoshinda. Walikuwepo, basi! Nilikuwa sahihi kwamba kuna kitu pale mlangoni kinachochagua! Miaka mingi baadaye, sekondari, nilifundishwa kwamba utando wenyewe ndio mlinzi, kwamba sukari nayo ina milango yake maalumu ya protini, kwamba kuna vitu vinapita kwa kuteremka tu kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, na kuna vingine seli inavivuta kwa nguvu zake, inatoka jasho kabisa. Wenzangu walikariri. Mimi nilikuwa naona viazi.

Kiti cha nyuma kikalia. Mkufunzi alikuwa anajinyanyua. Alikuja mbele taratibu, akachovya kidole chake kinene kwenye sahani yetu, akaonja, akatulia.

"Ni matamu," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Lakini kiazi kitamu ni kitamu chenyewe. Kikichemshwa hutoa utamu wake. Mtajuaje kama hii ni sukari ya binti huyu na siyo ya kiazi?"

Mwalimu Anitha alizipekua karatasi zake mezani, mara mbili. Na mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale mbele, hakuna aliyeniambia nikae.

"Tutie chumvi," nilisema. "Kiazi hakina chumvi yake."

Mkufunzi alinitazama. Akatazama saa. Alikuwa na shule nyingine ya kwenda, alituambia asubuhi, lakini akaamua shule hiyo isubiri. "Mnavyo vingine vilivyochemshwa?"

"Chungu kizima!" nilijibu.

Mimi na Rehema tulikimbia. Sijawahi kukimbia vile tena maishani, tumevua viatu, tumevishika mkononi, tunakatiza kati ya bodaboda na watu wanatukemea. Njiani, bila kupunguza mwendo, Rehema alisema, "Basi, hukulamba." Huko ndiko kuombwa radhi nilikokupata, na kulinitosha.

Tulimkuta Bibi amekaa mbele ya chungu. Tulikuwa tunahema, tunaongea wote wawili, na alichokishika yeye ni maneno machache: mgeni, chuo, viazi, maji, kulamba. Akasimama.

"Mgeni katoka chuo huko, nyie mmemlambisha maji ya viazi?"

"Bibi, ni somo!"

"Hapana. Hapana kabisa. Ale viazi vyenyewe." Akajifunga kitenge, akajitwika chungu, akatoka mbele yetu.

Hivyo ndivyo Bibi yangu alivyoingia darasa la sita. Alisimama mlangoni, akapiga goti kidogo, akamwamkia mkufunzi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na mkufunzi, aliyekuwa mtu wa kwingine kabisa, akajibu "Asante." Watoto wakacheka mpaka wakashika madawati. Bibi hakujali. Alimtolea kiazi, akamsimamia mpaka akala, na ndipo alipomruhusu Mwalimu Anitha achukue vingine vya somo.

Safari hii tulikwangua vikombe kwa vijiko mpaka kuta zikawa nyembamba, viwili vibichi tulivyokuja navyo pamoja na chumvi kutoka kwa Bibi, na viwili vilivyoiva. Tukatia chumvi. Kengele ya mapumziko ikalia, hakuna aliyetoka kucheza. Tulikunywa uji madirishani, tumening'inia, tunachungulia. Likaingia somo la hesabu, na mwalimu wa hesabu aliongea na ukuta. Baada ya saa mbili tukaruhusiwa kukaribia. Kwenye vile vibichi chumvi ilikuwa imelowa, maji yamepanda hadi nusu ya kikombe. Kwenye vile vilivyoiva hayajapanda hata tone.

Mkufunzi alichovya kwenye maji ya sahani ya kiazi kibichi. Akatikisa kichwa: hakuna kitu. Akachovya kwenye sahani ya kilichoiva. Aliweka kidole mdomoni, akakunja uso.

"Chumvi," alisema.

Siwezi kuwaelezea kelele zilizotoka. Watu walipanda juu ya madawati. Rehema alinikumbatia shingoni akanikaba. Mwalimu Anitha alifunika uso kwa mikono miwili, na nilipoona mabega yake yanatikisika nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Kuna nini?" aliuliza Bibi kutoka mlangoni.

Mwalimu Anitha alimweleza, kwa adabu, kwamba kiazi kibichi hakipitishi chumvi, lakini kikichemshwa kinapitisha.

Bibi alimwangalia, kisha akatuangalia sisi, mmoja mmoja. "Sasa hapo mnashangaa nini?" alisema. "Mboga mbichi ukiitia chumvi si inatoa maji tu? Ikiiva ndipo chumvi inaingia. Nyie huko chuo mnapikaje?"

Mkufunzi alicheka kwa sauti ambayo sikuitarajia, nyembamba, ya kitoto. Kisha akajifuta macho, akachukua karatasi kadhaa kutoka mezani, na uso wake ukarudi kuwa wa kazi. Furaha yangu ikakatika ghafla. Nilizijua karatasi zile. Nilimwona Mwalimu Anitha akiziandika kwa siku nyingi. Lilikuwa andalio la somo.

"Mwalimu," alisema, "jaribio hili la kiazi kilichochemshwa. Ni zuri sana. Ndilo linalothibitisha kila kitu. Hapa silioni. Ulilipanga wewe, ukasahau kuliandika?"

Alimfungulia mlango, watu wangu. Hata mimi, mtoto, niliuona upo wazi. Alichotakiwa kusema ni ndiyo, nilisahau, na mtihani wake ungekwisha pale, na mimi ningekubali kwa furaha, ningeapa hata mbele ya mwalimu mkuu kwamba yeye ndiye aliyeniagiza kichemshwe. Nilitamani aseme ndiyo. Nilimwomba kwa macho.

Mwalimu Anitha alishika kingo za meza.

"Hapana, mkufunzi," alisema. "Sikulipanga. Nilikosea, nilipanga viazi vyote viwe vibichi. Hili wamelileta mwanafunzi wangu na bibi yake. Na la chumvi pia ni lake, mimi sikuwa na jibu."

Mkufunzi akazilaza karatasi mezani, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akamnyooshea.

"Basi liandike sasa. Andalio halijaisha mpaka somo liishe."

Mwalimu Anitha aliipokea kalamu. Akanigeukia, akaniwekea ile kalamu mkononi, akasogeza kiti ili nifikie meza. Nilimtazama nikidhani ananitania. Alikuwa ameweka mikono nyuma.

Ilikuwa kalamu nzito, kalamu ya mtu mzima. Nilitafuta nafasi chini ya mwandiko wake mzuri, nikabana ulimi kwa meno, na kwa herufi zangu kubwa zilizopinda, kwenye karatasi ya mwalimu, nikaandika: Kiazi cha tatu kichemshwe. Mkufunzi akasoma kwa sauti, darasa zima likisikia, Bibi akisikia, halafu akachukua kalamu yake na kutia sahihi chini yake.